Shajara ya mradi: kufunga separeta kwa vizibo vinavyoyeyuka kwa joto

Shajara hii inafuata kazi ya kufunga mfumo wa kuzima unaoamshwa na joto kwenye separeta moja ya mafuta na gesi pamoja na hita yake. Mfumo hautegemei umeme, kompyuta wala mtu wa kubonyeza kitufe. Naiandika ili mwenye mtambo wa aina hii aweze kuiga, na hasa asikwame pale tulipokwama. Hatua ambazo kila fundi anazijua nimezipitia haraka.

14 Januari: Tunachojenga

Separeta ni tangi la mlalo lenye urefu wa mita 6. Mchanganyiko wa mafuta, gesi na maji unaingia ukitokea kwenye hita, kisha kila kimoja kinatoka kwa njia yake. Mahali penye hatari ya kuvuja na kushika moto panajulikana: flenji za kuingilia, vioo vya kupimia kiwango, sili za pampu ya mafuta na eneo la kichomeo cha hita.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Kwenye bomba la kuingilia kuna valvu ya tufe, ile inayofunguka kwa kuzungushwa robo duara. Hewa ya kompresa inasukuma pistoni na kuishikilia valvu wazi, huku springi nzito ikisukuma upande wa kufunga. Hewa hiyo inapita kwanza kwenye valvu ndogo ya pailoti, na pailoti nayo inashikiliwa na hewa ya kitanzi: paipu nyembamba ya chuma kisichoshika kutu iliyojazwa hewa kwa presha ya bar 5, ikapitishwa juu ya sehemu zote za hatari. Katika paipu hiyo tunafunga vizibo ambavyo tundu lake limezibwa kwa aloi laini. Moto ukiwaka chini ya kizibo, aloi inayeyuka, hewa inatoka, presha ya kitanzi inashuka, pailoti inaachia, hewa ya pistoni inamwagika nje na springi inafunga valvu.

Ninachokipenda ni kwamba hitilafu nyingi zinaishia upande salama. Kompresa ikifa, valvu inafunga. Paipu ikikatwa, valvu inafunga. Vizibo vyote vikiyeyuka kwa pamoja, vivyo hivyo.

Kwa nini tunahangaikia kukata mafuta badala ya kuongeza maji ya kuzimia? Tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, watu 167 walipoteza maisha. Moto ule ulilishwa na gesi iliyokuwa kwenye mabomba yaliyoliunganisha jukwaa lile na mengine. Maji hayafui dafu kwa moto ambao bado unapewa mafuta.

Kuhusu muda, tumechukua kipimo kutoka kanuni za Marekani za visima vya baharini, zinazotaka valvu ya usalama ya juu ya kisima iwe imefunga ndani ya sekunde 45 tangu hitilafu igunduliwe. Mtambo wetu uko nchi kavu na ni mdogo, kwa hiyo tumejiwekea nusu ya muda huo.

28 Januari: Aloi

Aloi ya Wood, yenye bismuthi, risasi, bati na kadimiamu, huyeyuka kwenye nyuzi 70 hivi za Selsiasi. Bismuthi, risasi na bati bila kadimiamu hufika nyuzi 95 hivi. Bismuthi na risasi kwa uwiano wa 55.5 kwa 44.5 huyeyuka kwenye 124, na bismuthi na bati kwa 58 kwa 42 kwenye 138.

Uwiano ni jambo la kusimamia kwa makini. Kila kundi la madini haya lina uwiano mmoja ambao aloi hutoka hali ya ugumu na kuwa kimiminika kwenye joto lilelile moja. Ukitoka nje ya uwiano huo, aloi inakuwa kama uji katika nyuzi kadhaa kabla ya kutiririka, na uji huo unaweza kubaki ndani ya tundu. Kwa hiyo hatukuchanganya wenyewe. Tulinunua vizibo vilivyotengenezwa kiwandani na vyenye namba ya kundi la uzalishaji, kisha vichache kutoka kila kundi tukavizamisha kwenye chombo cha mafuta chenye kipimajoto na kupandisha joto polepole. Vyote viliachia ndani ya nyuzi 3 za namba iliyoandikwa.

Mpango wa kwanza ulikuwa kutumia nyuzi 70 kila mahali, kwa hoja kwamba kizibo kinachowahi ndicho bora. Jaribio la kuviacha siku kadhaa kwenye kabati lenye joto la nyuzi 55, vikiwa na presha ya bar 5 nyuma yake, liliufuta mpango huo. Aloi hizi hazingoji kufika joto la kuyeyuka ndipo zilegee. Ukipitisha ukucha juu ya kizibo uliisikia aloi imechomoza nje kama unene wa karatasi, na kimoja kilikuwa kimeanza kuvuja mapovu madogo. Chuma kilichoanikwa juani kinafika nyuzi hizo bila moto wowote. Kwa hiyo vizibo vya jumla sasa ni vya nyuzi 95, na vilivyo karibu na bomba la moshi la hita ni vya 138. Vile vya 70 tumevibakiza kwa kazi moja tu, nitaieleza kwenye jaribio la mwisho.

Tahadhari kwa atakayeshika aloi ya Wood: kadimiamu ni sumu. Vaa glavu, usiipashe moto penye hewa iliyotuama, na matone yaliyodondoka yakusanywe.

11 Februari: Kizibo kimeyeyuka, valvu imebaki wazi

Tulijenga mfano karakanani, mbali na mtambo: pistoni ya zamani, pailoti, paipu fupi yenye vizibo vitatu, na valvu ya mkono mwishoni yenye tundu la milimita 6 kwa ajili ya kumwaga hewa. Pailoti iliwekwa iachie presha ikishuka chini ya bar 1.5. Hewa iliingia kwenye kitanzi kupitia tundu la milimita 2.

Tulifungua valvu ya mkono, presha ikaanguka, pistoni ikafunga mara moja. Wengi wangeandika "imepita" na kwenda kufunga mtambo. Kisha tukaweka moto wa gesi chini ya kizibo kimoja. Aloi ilidondoka vizuri, tone linalong'aa likafuatwa na mluzi mkali wa hewa. Geji ikashuka kutoka 5 hadi karibu 1.7 na ikasimama hapo. Hewa inapiga kelele, kizibo kiko wazi kabisa, na valvu haijagusika.

Sababu yake ni hesabu rahisi ambayo kila anayejenga mfumo huu anapaswa kuifanya kabla ya kununua kitu. Presha ya upande wa juu ikiwa karibu mara mbili ya upande wa chini au zaidi, kasi ya hewa tunduni hufikia kasi ya sauti na haiongezeki tena. Hapo kiasi cha hewa kinachopita hutegemea eneo la tundu na presha kamili ya upande wa juu, yaani ya geji pamoja na bar 1 hivi ya hewa inayotuzunguka. Bar 5 kwenye geji ni bar 6 kamili. Tundu la kuingilia ni milimita 2, tundu la kizibo ni 3, na maeneo yake yako kwa uwiano wa 4 kwa 9. Zidisha 6 kwa 4, gawanya kwa 9, unapata 2.67 kamili, yaani 1.67 kwenye geji. Kitanzi kilikuwa kinajazwa kwa kasi ya kutosha kuishikilia pailoti. Valvu ya mkono, kwa kuwa na tundu la milimita 6, iliuficha ugonjwa huo.

Tiba ilikuwa kupunguza tundu la kuingilia hadi milimita 1. Sasa kizibo kimoja kikiyeyuka, presha inatulia karibu na bar 0.1. Hata aloi ikibaki na kuziba nusu ya tundu, bado inashuka chini ya 1.5. Gharama yake ni kwamba kitanzi kinachukua muda zaidi kujaa baada ya matengenezo. Tuliongeza kitufe cha kujazia kwa njia ya pembeni, lakini chenye springi, kinachojirudisha kidole kikiondoka. Mkono wa kawaida unaoweza kuachwa wazi usiweke hapo kamwe, kwa sababu ukisahauliwa mfumo mzima unakuwa pambo.

22 Februari: Urefu wa paipu

Tulirudia jaribio kwa urefu halisi: mita 60 za paipu yenye tundu la ndani la milimita 4, hewa na pailoti vikiwa upande mmoja kwenye paneli, na upande wa pili umezibwa. Kizibo cha karibu na paneli kilifanya kazi. Kizibo cha mwisho kabisa kilishindwa. Geji ya kule mwisho ilikuwa karibu na sifuri huku ya paneli ikisimama kwenye bar 2.7.

Msuguano ndani ya paipu nyembamba ndiyo sababu. Kwa hesabu yetu, mita 60 za paipu hiyo zinabana hewa karibu sawa na tundu la milimita 1, yaani sawa na tundu tunaloingizia. Pailoti ilikaa katikati ya vibanio viwili vinavyolingana na haikuiona hewa inayotoka kule mbali.

Njia mbili zilikuwa mbele yetu. Ya kwanza, kubadili paipu yote kuwa ya milimita 8 kwa ndani. Hesabu ilikubali, ila paipu na fitingi zilizokwisha kununuliwa zingekuwa chuma chakavu. Ya pili, kuirudisha paipu hadi kwenye paneli, hewa iingie kwa ncha moja na pailoti ikae kwenye ncha nyingine. Tulichagua ya pili. Paipu ya kurudia iliongeza zaidi ya theluthi ya urefu, na huo ndio ununuzi wa ziada mkubwa kuliko wote katika mradi.

Ukiifikiria utaona mpangilio huu unatatua mambo mawili. Kizibo chochote kikifunguka, pailoti haina njia ya kupata hewa isipokuwa kupitia hapo palipofunguka, kwa hiyo presha yake lazima ishuke hadi ya pale. Msuguano wa paipu unachelewesha tu, hauzuii. Pili, paipu ikibondwa na gari au ikiziba kwa uchafu, pailoti haipati hewa tena wakati wa kujaza na mfumo unakataa kuwaka. Katika mpangilio wa kwanza paipu iliyoziba katikati ingekaa hivyo miaka, vizibo vyote vya ng'ambo vikiwa vimekufa na geji ya paneli ikionyesha 5.

15 Machi: Valvu iliyojifungua yenyewe

Wakati wa kurudisha mfano wetu wa karakanani katika hali ya kawaida, fundi alibana kizibo kipya, kitanzi kikaanza kujaa, na presha ilipopita 1.5 valvu ikafunguka bila mtu kuigusa. Karakanani hiyo ni hewa tu. Kwenye mtambo ni mafuta yanayorudi penye moto, labda kwa sababu tu mtu aliona geji iko chini akabonyeza kitufe cha kujazia.

Tuliweka lachi kwenye pailoti: ikishaachia, inabaki imeachia mpaka mtu aende penye valvu na kuivuta kwa mkono. Lachi hiyo iko kwenye valvu, haiko chumba cha udhibiti, ili anayefungua awe ameyaona mazingira kwa macho yake. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa kidogo chenye thamani kubwa kuliko vyote kwenye paneli ile.

2 Aprili: Kizibo kiko wapi, kimeshikwa na nini

Mwongozo wa API RP 14C, wa Taasisi ya Petroli ya Marekani (API), unatoa idadi. Kwa tangi la mlalo lisilo nene, kizibo kimoja kwa kila futi 5 za urefu, yaani kama mita 1.5. Kwetu ni vizibo vinne juu ya separeta, na vingine juu ya pampu, vioo vya kiwango na kichomeo.

Idadi ilikuwa rahisi. Namna ya kuvishika ndiyo iliyotupa kazi. Tulilinganisha vizibo viwili vya kundi moja, juu ya moto uleule, kwa umbali uleule. Cha kwanza kilining'inia huru kwenye kipande kifupi cha paipu, kikaachia chini ya nusu dakika. Cha pili kilibanwa kwenye fremu nene ya chuma, kikachukua zaidi ya dakika mbili. Fremu ilikuwa inakinyonya joto kabla halijafika kwenye aloi. Tangi lenyewe ni baya zaidi, kwa sababu mafuta yaliyomo ndani yanaupoza ukuta wake, na kizibo kilichouegemea kingechelewa mpaka moto uwe mkubwa.

Basi kila kizibo sasa kinaning'inia, hakigusi tangi wala fremu, na kinakaa juu ya mahali pa hatari kwa kuwa joto hupanda. Klampu zinashika paipu, hazishiki kizibo. Pia tumeandika kwa herufi kubwa kwenye kila tawi: KISIPAKWE RANGI. Wapaka rangi hawajui wanachofunika, na tabaka kadhaa za rangi huwa koti juu ya aloi.

23 Aprili: Ufungaji kwenye mtambo

Kukata, kupinda na kufunga paipu kulikwenda bila tatizo chini ya kibali cha kazi, bila kulehemu chochote, kwa fitingi za feruli pekee. Povu la sabuni lilipitishwa kwenye kila kiungo.

Siku chache baada ya kuwasha, valvu ilifunga bila moto. Vizibo vyote vilikuwa vizima. Kitanzi kilikuwa kinashuka polepole, na tulipofungua tundu la milimita 1 tulikuta unyuzi wa tepu nyeupe ya kuzibia nyuzi za fitingi umelala juu yake. Uvujaji mdogo kabisa ambao povu halikuuona ulitosha kumaliza hewa ambayo haikuwa inajazwa tena. Hitilafu iliishia upande salama, lakini uzalishaji ulisimama karibu nusu ya siku, na mfumo unaofunga ovyo ndio unaowafanya watu watafute namna ya kuupita pembeni.

Marekebisho: chujio kabla ya tundu, mtego wa kutoa maji ya hewa ya kompresa, na tepu kupigwa marufuku upande wa baada ya chujio, mahali pake kukiwa na gundi ya majimaji. Tuliongeza pia swichi ya presha inayopiga kengele kwenye bar 3, ili mteremko wa polepole uonekane mapema kabla ya kufika 1.5. Kwenye tundu la kumwagia hewa ya pistoni tumeweka wavu mdogo unaoelekea chini, maana nyigu wanapenda kujenga kwenye matundu ya namna hiyo, na tundu hilo likizibwa springi inapambana na hewa isiyo na pa kutokea.

9 Mei: Valvu nzito

Jaribio la kwanza la kufunga kwa presha halisi ya bomba lilionyesha valvu ikikwama robo ya safari, kisha ikaruka na kumalizia. Tangu tukio lile la tepu ilikuwa imekaa wazi bila kuguswa, na nta ya mafuta imegandia kwenye viti vyake, yaani pete ambazo tufe linakaa juu yake. Springi iliyochaguliwa kwa hesabu ya valvu mpya haikuwa na nguvu ya ziada.

Nilikumbuka Feyzin, Ufaransa, tarehe 4 Januari 1966: watu 18 walikufa baada ya valvu ya kumwagia maji chini ya tangi la propani kuganda na kushindikana kufungwa. Valvu isiyofunga inabatilisha kila kitu kilichojengwa juu yake, hata vizibo viwe bora namna gani.

Tulibadilisha kasha la springi kwa kubwa zaidi, likabeba sehemu nzito ya bajeti, na sasa kila mwezi valvu inasogezwa sehemu ndogo ya safari yake kisha inarudishwa wazi, bila kusimamisha uzalishaji. Tulihakikisha pia valvu yenyewe ina cheti cha kupimwa kwa moto kwa API 607, jaribio ambalo huiweka ndani ya miali ya nyuzi 750 hadi 1,000 kwa dakika 30 na kupima inavuja kiasi gani. Valvu yenye viti laini tu isiyo na cheti hicho inaweza kufunga vizuri kisha ikayeyuka ndani na kupitisha mafuta tena.

30 Mei: Jaribio kamili mahali pake

Moto wa wazi hauruhusiwi karibu na separeta iliyo kazini, na hapo ndipo vizibo vya nyuzi 70 vilipopata kazi. Tulivifunga kwa muda mahali pa vile vya kawaida, kimoja kimoja, kisha tukakinyanyulia kila kimoja kikombe cha chuma chenye maji yaliyotoka kuchemka mpaka kizame. Aloi inaachia ndani ya maji, hewa inayachemsha upya kwa mapovu, na saa inaanza kuhesabu. Glavu ndefu na kinga ya uso ni lazima, maana maji yanaruka.

Tangu mapovu ya kwanza hadi valvu kufunga kabisa, kizibo kilicho karibu na pailoti kilichukua sekunde 7, na kilicho karibu na mlango wa hewa, ambacho lazima kimwage hewa ya paipu nzima, kilichukua 13. Lachi ilishika mara zote. Kengele ya bar 3 ililia kabla ya kila kufunga. Vizibo vya 95 na 138 vimerudishwa na kila kimoja kimeandikwa namba ya kundi lake kwenye daftari la mtambo.

Kwa anayepanga bajeti: paipu na fitingi zilichukua sehemu kubwa kuliko zote, kasha la springi likafuata, pailoti na lachi vikawa mbali nyuma yake, na vizibo vyenyewe vilikuwa kitu kidogo kabisa.

Kilichobaki ni gesi iliyofungiwa ndani ya tangi baada ya valvu kufunga. Ukuta unaochomwa unapoteza nguvu huku presha ikipanda, na API 521 inazungumzia kuishusha presha hadi nusu ya ile ya usanifu ndani ya dakika 15. Kushuka kwa hewa ya kitanzi hikihiki ndiko kutakakofungua valvu ya kumwagia gesi kwenye mnara wa kuchomea, safari hii springi ikisukuma upande wa kufungua. Michoro imeanza. Tutahakikisha kwanza kwamba mnara unaweza kubeba gesi hiyo yote kwa mkupuo mmoja.